Simu ya dawa ibaki nyumbani: kumsaidia anayelala nyumba moja na mzee

Tukizungumzia programu za simu kwa ajili ya wazee, wengi huwaza kumnunulia mzee simu janja. Mimi naona hapo tunaanza vibaya. Bibi wa miaka 82 kule Igoma, Mwanza, mwenye mtoto wa jicho, skrini haimsaidii kitu. Anayehitaji msaada ni binti au mjukuu anayelala naye nyumba moja, aliyebeba kichwani saa za dawa, tarehe ya kliniki, presha ya jana na deni la duka la dawa. Ndugu walio Dar au Geita hawayaoni hayo. Wanapiga mmoja mmoja kuuliza "mzee anaendeleaje?", na anayeuguza anajibu swali lilelile mara tano kwa siku. Simu itumike kuyatoa hayo kichwani mwa mtu mmoja, wengine wayaone na wabebe sehemu yao.

Anzeni na dawa, na kwenye dawa anzeni na saa. Simu inahesabu saa kwa namna yake na sisi kwa yetu, na makosa mengi yanazaliwa hapo. Nesi akisema "saa mbili usiku", kijana anaweka kengele 2:00, nayo inalia saa nane, ya usiku au ya mchana. Ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, washa mfumo wa saa 24, kisha andikeni jedwali dogo mlibandike ukutani: saa 12 asubuhi ni 06:00, saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 2 usiku ni 20:00, saa 4 usiku ni 22:00. Sasa angalieni pakiti. Pameandikwa 1x3, yaani kidonge kimoja kutwa mara tatu. Nyumba nyingi zinafanya asubuhi, mchana na jioni, halafu usiku kucha hakuna kitu. Kama dawa inatakiwa kila baada ya saa nane, zipangeni 06:00, 14:00 na 22:00. Si kila "mara tatu" iko hivyo; nyingine inafuata chakula. Muulizeni mtoa dawa kabla hamjaondoka dirishani.

Jina la kengele lisiwe "dawa" tu. Andika kazi yenyewe: "Baada ya uji, kidonge kimoja cha presha, amlodipine 5 mg". Jina la dawa na kipimo chake ni lazima, kwa sababu mwezi huu duka linaweza kukupa pakiti nyeupe na mwezi ujao ya bluu kutoka kampuni nyingine, dawa ikiwa ileile. Anayeangalia rangi hudhani ni mbili tofauti, akampa mzee zote. Piga picha kila pakiti mpya upande wenye jina, na ya zamani iondoke mezani.

Zipo programu maalumu za dawa, kama Medisafe. Zinakumbusha, zinahesabu vidonge vilivyobaki, na zinaweza kumjulisha ndugu mwingine dozi ikipitwa. Hilo la mwisho ni zuri sana kwa familia iliyotawanyika, ila linaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni mtu kugusa "tayari" ili kengele inyamaze, kisha anakwenda kuchota maji. Wekeni sharti: haiguswi mpaka kidonge kimemezwa na maji yamefuata. Ya pili ni betri. Simu nyingi, hasa Tecno na Infinix, huzilaza programu zilizokaa bila kufunguliwa ili kutunza chaji, na kengele inakufa kimya. Nenda Mipangilio, kisha Programu, chagua ile ya dawa, fungua Betri, uiruhusu itumie bila kizuizi. Na kama kuna sehemu ya kujiwasha yenyewe, washa. Majina ya vitufe hutofautiana kidogo kwa kila simu. Kuijaribu kwa dakika tano hakutoshi, maana simu huilaza programu baada ya saa kadhaa. Weka kengele ya alfajiri, funga skrini, lala, uone kama italia.

Dozi ikipitwa, msimpe mbili kwa pamoja kufidia. Mwulizeni mtoa dawa, na mwandike kwamba imepitwa.

Vipimo vya presha navyo vina adabu yake. Namba mbovu iliyotumwa vizuri kwenye kundi la WhatsApp bado ni mbovu. Mzee akae kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, miguu chini, asizungumze, mkono ulale mezani usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kifungwe kwenye ngozi na si juu ya sweta. Nusu saa kabla, asinywe kahawa wala asivute tumbaku. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Asubuhi kabla ya dawa, na jioni tena. Chukua tepu ya fundi cherehani upime mzunguko wa mkono wa juu: kitambaa cha kawaida kinafaa mikono ya sentimita 22 hadi 32. Mkono mnene ukibanwa na kitambaa kidogo, mashine husoma juu kuliko ukweli, na mzee anaweza kuongezewa dawa asiyoihitaji.

Na tafadhali, zile programu zinazodai kupima presha kwa kuweka kidole kwenye skrini au kamera ya simu, zifuteni. Presha inapimwa kwa mashine ya kufunga mkononi.

Kwenye kundi, ujumbe wa vipimo uwe na umbo moja kila siku: tarehe, wakati, ya juu na ya chini, mapigo. Kwa mfano: "14/3 asubuhi, 148/86, mapigo 72". Umbo moja linasaidia baadaye kutafuta na kunakili. Siku ya kliniki msimpe daktari simu apekue jumbe za wiki tatu pamoja na picha za harusi. Hana muda huo. Nakilini siku saba za mwisho kwenye karatasi moja, namba za siku ya kwanza mziache, kwa kuwa mara nyingi huwa juu kwa wasiwasi wa kuanza kupimwa.

Kuna hali ambazo simu inasubiri. Sukari ikisoma chini ya 4.0 (mmol/L) na mzee yuko macho na anameza, mpe kwanza sukari vijiko vya chai 3 hadi 4 kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, ndipo uandike kwenye kundi. Akiwa hajitambui, usimtie kitu mdomoni, ni hospitali. Presha ikifika 180/120, rudia baada ya dakika tano. Kama kuna maumivu ya kifua, pumzi inakata, mdomo umepinda au upande mmoja umelegea, ni hospitali ya Sekou Toure, Bugando au kituo kilicho karibu, saa ileile. Msianze kujadiliana kwenye kundi.

Tarehe za kliniki ziingie kwenye kalenda ya simu, Google Calendar inatosha. Fungua tukio, waongeze ndugu kama wageni kwa barua pepe zao, weka vikumbusho viwili. Cha siku saba kabla ni cha kuamua nani atamsindikiza na nauli inatoka wapi. Cha siku moja kabla ni cha kadi, faili, ile karatasi ya vipimo, na kama ameambiwa aje bila kula. Siku saba si nyingi kwa anayetoka visiwani. Mzee wa Sengerema hasubiri tena kivuko tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, lakini wa Ukerewe bado anapangiwa na meli, na pengine inabidi afike Mwanza jana yake akalale kwa mtu.

Kundi la WhatsApp liwe la mzee peke yake, si lile la ukoo. Mlezi atoe taarifa moja kwa siku, saa 2 usiku, kwa sauti, isizidi dakika moja: amekula nini, amelalaje, dawa, choo, kilichobadilika. Mwenye swali aisikilize kwanza. Sauti inafaa pia kurudi upande wa mzee: mwanawe akimsalimu kwa Kisukuma, mlezi akamwekea sikioni, mzee anatulia kuliko kusomewa "anakusalimu". Walio mbali nao wapewe kazi zenye majina yao. Mmoja ahesabu vidonge na kununua vikibaki vya siku saba. Mmoja atunze daftari la michango kwenye jedwali ambalo wote wanaliona, kila risiti ipigwe picha siku hiyohiyo. Na mstari wa kwanza wa matumizi uwe bando na vocha ya mlezi. Kumwachia binti asiye na kipato anunue bando la kuwahabarisha ninyi ni dhuluma, hata kama hajalalamika.

Namba ya siri ya laini ya mzee isiandikwe kundini hata siku moja. Kitambulisho chake kikae kwa mtu mmoja anayeaminika.

Kwa mzee anayesahau na kutoka nje, hasa nyumba zilizo karibu na ufuo, kumbukeni kwamba kuonyesha mahali alipo moja kwa moja (live location) kwenye WhatsApp hukoma baada ya muda wa saa nane, hata mkichagua muda mrefu kuliko yote. Google Maps inaweza kuendelea mpaka uizime, ila simu iwe na chaji, bando, na iwe mfukoni mwake kweli. Kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, hakitasaidia hapo. Shoneni namba ya simu ndani ya kola ya shati, na waambieni majirani na vijana wa bodaboda wa kijiweni wamjue kwa sura.

Kitochi kina kazi nyingine. Kengele zote zikiwa kwenye simu ya mlezi, akienda Mwaloni kununua dagaa zinalia huko sokoni, na nyumbani hakuna anayezisikia. Nunueni kitochi chenye kengele zaidi ya moja zinazojirudia kila siku, wekeni saa za dawa humo, kikae juu ya kabati la dawa, chaji yake inadumu siku kadhaa umeme ukikatika. Kisha kwenye kalenda ya familia andikeni mapumziko ya mlezi, walau alasiri mbili kwa wiki, pamoja na jina la atakayekuja kushika zamu. Saa hiyo ikifika anaondoka na simu yake mwenyewe, na ya dawa inabaki pale kabatini.