Siku niliyomsahihisha mshairi kwenye karaoke

Hii ni ya Agosti 2014. Nilikuwa mwanafunzi Japani, likizo nikaenda kukaa wiki mbili Choshi, mji wa wavuvi huko mwisho kabisa wa mkoa wa Chiba, ukishavuka hapo ni Pasifiki tu. Nilifikia kwa bibi mmoja, namwita Obaasan kama wajukuu zake, na yeye jina langu lilimshinda akaamua niwe Tan-san (san ni kama "ndugu"), wa Tanzania. Baadaye sana ndo nikajua tansan kwao ni maji ya soda, kumbe wale wajukuu walikuwa wanacheka hiyo.

Choshi kuna kitreni cha kizamani, njia yake nzima kilomita 6.4, kampuni yenyewe inajikimu kwa kuuza senbei, biskuti za mchele, zile laini za mchuzi wa soya, sitanii. Kando ya reli kulikuwa na gugu limejaa kila mahali, maua ya njano, mchana yako hoi kama yametoka kwenye msiba, jioni yanachanua. Mimi nasoma kilimo bana, nikafungua kitabu changu cha mimea: matsuyoigusa, asili yake Amerika, lilifika Japani karne ya 19 likatapakaa. Matsu ni kungoja, yoi ni jioni, kusa ni jani. Nikamweleza Obaasan kwa madaha.

Akacheka, akasema basi ujue hilo gugu lina wimbo, na wimbo wenyewe ni wa hapa hapa. Mchoraji na mshairi Takehisa Yumeji alikuja kupumzika Ashikajima, stesheni chache tu kutoka tulipokuwa, kiangazi cha 1910, akampenda msichana wa jirani. Na alikuwa amekuja na mke waliyeachana pamoja na mtoto wao (hapa Obaasan akashusha sauti kama vile yametokea juzi). Mwaka uliofuata akarudi, msichana kashaolewa. Akaandika mistari mitatu: nangoja na nangoja asiyekuja, uchungu wa ua lile lingojalo jioni, na leo hata mwezi unaonekana hautatoka. Basi, kimeisha. Ukatiwa muziki na Ono Tadasuke, ukachapwa 1918, na wazee wanauimba mpaka kesho.

Nikasema huu naujifunza. Siku tatu naimba bafuni.

Jumamosi kukawa na karaoke ya wazee kwenye ukumbi wa mtaa. Mama mmoja kaanza na ule wimbo wa maua ya kosumosi wa mwimbaji Yamaguchi Momoe, wa 1977, binti anaolewa kesho na mama yake mara anakohoa kidogo, mara anaangalia albamu, watu kimyaaa, kuna mzee alitoa leso. Halafu ndo naitwa mimi.

Mstari wa kwanza freshi. Mstari wa pili naangalia skrini naona ile kanji (herufi ya Kijapani) ya jioni imetangulia, ya kungoja inafuata, yaani yoimachigusa. Nikajiambia hawa wamekosea kuandika, kitabu changu hakisemi hivyo! Na silabi ni sita kwa sita, inakaa vizuri tu kwenye tuni, basi nikaimba kwa sauti yote MATSUYOIGUSA. Ukumbi mzima ukashtuka halafu ukalipuka, kuna bibi alishika ubavu. Mimi najua nimependwa, nikaendelea.

Nilipokaa mzee wa pembeni akaniambia kwa upole, kijana, hilo la kwako ni la kwenye kitabu cha mimea, Yumeji aliligeuza. Nikauliza, kwa hiyo alikosea? Akanijazia chai, akasema kula senbei.

Jioni ile Obaasan akanitoa tukaenda pale relini. Tukasimama mbele ya kitumba kimoja kama watu wanaongoja daladala, na mimi mbu wananimaliza. Kwetu Tanga marehemu bibi alikuwa anachuma asumini alasiri zikiwa bado vitumba, anazitunga ili zije zifunguke usiku kichwani, ila kuketi kuliangalia likifunguka hapana, nani ana muda huo. Hili lilitikisika kidogo, likatulia, nikamgeukia Obaasan niseme bado sana, kurudisha macho limeshafunguka! Petali nne. Sikuliona.

Obaasan akaanza kuimba polepole, akafika mstari wa mwisho akakatiza. Nikaangalia alikokuwa anaangalia, mwezi huo, mkubwa, juu ya bahari. Akasema, "Ah, umeharibu," tukarudi kula.