Dola 140 kuambiwa gari ni zima

Wazee nina hasira, acheni nizitoe. Jana nimelipa dola 140 za huku Kanada, pigeni wenyewe hesabu ya Bongo, kuambiwa gari halina tatizo. Basi, hiyo ndo kazi niliyolipia.

Mimi mtoto wa Chang'ombe, Dodoma, baridi niliyoijua ni ile ya Julai, upepo mkavu unakukata masikio na mji mzima unalalamika, kumbe ni digrii 13 au 14. Hapa Edmonton wiki hii asubuhi ni hasi 28. Nawasha Corolla yangu, stata inavuta kwa tabu kama haitaki, ikiwaka mshale wa resi unapanda mpaka 1,500 huko bila mimi kugusa mafuta, inanguruma, nyuma kumejaa moshi mweupe, nikitoka matairi yanadunda kama yana kona. Baada ya dakika kadhaa resi inashuka yenyewe, kimya. Nikajua injini ndo inaniaga, mbio gereji. Wakachomeka kompyuta, nikapewa kahawa, kisha bili.

Usiku nikamtumia fundi wetu wa Kizota ule mlio WhatsApp. Jamaa barafu anayoijua ni ya friji. Haikupita hata robo saa, voisi hiyo:

"Bosi hiyo inajipasha. Kukiwa na baridi kompyuta inaongeza mafuta na resi ili masega, yale ya kwenye bomba la moshi ya kusafisha moshi, yapate moto haraka, na oili sasa hivi ni nzito kama ugali wa uwele. Huo mvuke tu, ila ukiendelea kutoka mweupe injini ishapata moto, na maji ya rejeta yanapungua, hapo nitafute. Usilipigie resi, liache kidogo uondoke taratibu."

Bure! Kwa sikio!

Mnaotaka kuja, gari la huku likague betri kwanza, baridi inaimaliza, halafu chungulia mbele kama kuna waya wenye plagi, ni wa kupasha injini usiku. Na msiwashe gari ndani ya banda lililofungwa eti mnakimbia baridi, ule moshi unaua.

Nikamwelezea fundi habari ya plagi. Kimya. Halafu voisi ya kicheko kitupu, mwishoni: "Yaani huko mnachaji mpaka la petroli? Haya tuma ya soda."

Nimetuma elfu ishirini.