Ndimu kwenye kikombe cha magadi
Jana jioni hapa Kisumu nilikuwa napika mrenda. Magadi niliyonunua soko la Kibuye nilikuwa nimeyaloweka kwenye kikombe. Mpwa wangu, yuko kidato cha pili, akakamulia ndimu humo. "Nione tu, anti." Weh! Povu likapanda, likamwagika hadi kwenye jiko. Kumbe asidi ya ndimu ikikutana na kaboneti iliyo kwenye magadi inatoa kabonidioksaidi, gesi ileile ya soda.

Hatukuishia hapo. Tukachemsha kabeji ya zambarau: maji yake yakawa pinki kwa ndimu, kijani kwa magadi. Litmasi ya bure, ile karatasi ya kupimia asidi kwa rangi, na darasani kwao karatasi moja wanagawana watu sita!

Mrenda? Ulishika sufuria. Tulikula ugali na omena ya juzi.