RAM ya Ryzen: tazama CL kabla ya kulipia kasi

Kwa kompyuta ya mezani yenye prosesa ya AMD Ryzen 7000 au 9000, chukua RAM ya DDR5-6000 CL30 (6000 ni kasi, CL ni mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kujibu), vijiti viwili vya GB 16. Namba ya kasi peke yake inadanganya. Zidisha CL kwa 2000, kisha gawanya kwa kasi: 6000 CL30 inatoa nanosekunde 10 za kusubiri, ilhali 6400 CL40 inatoa 12.5.

Vijiti vinne viache. Kwa Ryzen 7000, AMD yenyewe inahakikisha 3600 tu vikiwa vinne, na 5200 vikiwa viwili. Ukitaka GB 64, nunua 2 × 32 kwenye pakiti moja. Kuunganisha pakiti mbili, hata za aina moja, ni kujitafutia balaa, maana chipu za ndani zinaweza kutofautiana.

Kwa kawaida vijiti viwili huchomekwa nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Ingia BIOS (mipangilio ya bodi) uwashe EXPO, yaani kasi iliyotangazwa ya RAM, la sivyo RAM itatambaa, mara nyingi kwa 4800. Skrini ikibaki nyeusi dakika kadhaa mara ya kwanza, usizime umeme: bodi inajipima na RAM. Ikigoma kabisa, futa CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS), shuka hadi 5600, halafu endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuikataa kasi hiyo.

Taa za rangi ni hiari yako, ila pima kwanza urefu wa kijiti chini ya kipoza prosesa.