Nilivyoelewana na "and" na "or" kazini Lubumbashi

Ukifanya kazi ya usafirishaji Lubumbashi, Kiingereza hukikwepi. Shuleni tulisoma kwa Kifaransa, nyumbani ni Kiswahili, lakini lori likishavuka Kasumbalesa liko Zambia, na kuanzia hapo hadi bandari ya Durban barua zote ni za Kiingereza. Kilichonisumbua kuliko yote ni sentensi yenye viima viwili: kitenzi kiwe cha umoja au cha wingi?

Kwa Kiswahili hatujiulizi. "Dereva pamoja na msaidizi wake wamefika." Ni wawili, basi wingi. Kiingereza kinatazama kwanza kiunganishi. Kwa "and" ni wingi: "The driver and his assistant have arrived." Lakini ukitumia "together with" au "as well as", kiima ni dereva peke yake: "The driver, together with his assistant, has arrived." Aliyenifungulia hapa ni yaya mmoja, yaani mkubwa wangu kwa umri, wa biro (ofisi) yetu, aliyesomea Ndola, Zambia. Alifunika kwa kidole gumba maneno yote yaliyo kati ya mikato miwili, akaniambia, "Mdogo wangu, soma kilichobaki." Kilichobaki kilikuwa "The driver has arrived." Mpaka leo nafunika hivyo hivyo, hata kwenye kioo cha kompyuta.

"Or" na "neither... nor" zina utaratibu wake. Kifaransa kinaturuhusu wingi baada ya "ni... ni", kwa hiyo mkono unakimbilia huko. Kiingereza rasmi kinafuata jina lililo jirani na kitenzi: "Neither the drivers nor the owner has signed", lakini "Neither the owner nor the drivers have signed." Zote mbili ni sahihi. Mimi huweka jina la wingi mwisho, sentensi inasomeka vizuri zaidi. "Every" nayo haina ubishi, ni umoja tu: "Every bag and every seal has been checked."

Panapodai umakini wa kweli ni kwenye mkataba. "Our agent and representative in Kasumbalesa is responsible for the cargo" ni mtu mmoja mwenye vyeo viwili. Ongeza "our" ya pili, "Our agent and our representative are responsible", na sasa ni watu wawili, kila mmoja anaweza kumsukumia mwenzake mzigo ukikwama mpakani. Ndiyo maana kabla ya kuandika ibara ya majukumu namuuliza bosi: huyu ni mtu mmoja au wawili? Akishajibu, kitenzi kinajulikana.

Na kwa wanaotuma nyaraka kila siku: kitenzi kikitangulia, tafuta kiima mbele yake. Ankara na orodha ya mizigo ni vitu viwili, kwa hiyo barua inaanza hivi: "Attached are the invoice and the packing list."