Siku Tuliyopwelewa Ras Kasone

Juzi binti yangu alikuwa mezani na kazi zake za shule, akainua kichwa akaniuliza, "Baba, mzinga wa nyuki na mzinga wa vita, mbona jina moja?" Nikamwambia tazama umbo: gogo refu, wazi ndani. Akaridhika, akarudi kwenye daftari lake. Mimi sikurudi nilikokuwa. Nilikuwa nimeshafika Ras Kasone, nina miaka kumi na miwili, nimesimama kwenye tope kando ya ngalawa ya mjomba.

Kwetu Tanga mapigano ya Novemba 1914, kati ya Waingereza na Wajerumani waliotutawala, tunayaita Vita vya Nyuki. Utotoni niliyajua kwa maneno mawili: Waingereza walikuja, nyuki wakawatimua. Ndivyo nilivyomsimulia mjomba jioni ile, kwa fahari kabisa, naye ameketi anashona wavu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Nyuki walikuwepo," akasema. "Lakini hao watu waliteremka vipi, hukuuliza? Kesho ni mwezi kumi na tano. Alfajiri tutatoka, ukaone."

Tulitoka Sahare kabla jua halijachomoza, upepo kidogo, mjomba kimya kwenye usukani. Tulipoikaribia rasi alishusha tanga akashika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu, ilikuwa inakupwa kwa kasi. Ngalawa ikakwaruza chini, ikasogea kidogo, ikakwaruza tena, ikakaa. Nilidhani amekosea. Mjomba hakukosea, alitaka tupwelewe pale pale, mbali na nchi kavu.

"Shuka," akasema. Nikashuka. Akanipa jiwe la nanga nilikumbatie. "Bunduki ilikuwa nzito kuliko hilo, na risasi kiunoni. Haya, nenda pwani."

Maji yalikuwa ya mapaja, kisha ya magoti, na chini yake tope linalovuta. Kila hatua niliing'oa kwa nguvu, na kila nilipoinama kutazama nakanyaga wapi jiwe lilinielemeza mbele. Nilipofika kwenye mikoko nilikanyaga mzizi uliojaa chaza. Sikusikia maumivu mara ile. Niliona tu maji yanabadilika rangi kuzunguka mguu wangu. Jua lilikuwa limeshapanda, linanipiga mgongoni. Nikasimama, nikahema.

"Unaona nini?" mjomba aliniita kutoka nyuma.

"Miti."

"Nyuma ya miti?"

Nilitazama sana. Mikoko, halafu mwinuko, halafu kijani kibichi kilichoshikana. Mji wa Tanga ulikuwa ng'ambo ya hapo, mwendo ambao mtoto anautembea bila kupumzika, na mimi mzaliwa wa mji ule sikuona hata paa.

"Sioni kitu."

"Wao waliteremka usiku," akasema. "Mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi ukiwa mpevu hapa maji hupwa mida ya saa nne. Mvuvi yeyote wa Sahare angewaambia."

Mengine niliyasoma ukubwani, na kila ukurasa ulinirudisha kwenye tope lile. Meja Jenerali Arthur Aitken alikuja na watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka Bara Hindi, waliokuwa melini tangu katikati ya Oktoba walipong'oa nanga Bombay. Mombasa, maofisa wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, walimwonya asiwadharau askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani. Hakuwasikiliza. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari HMS Fox iliingia bandarini kuutaka mji usalimu amri, halafu muda ukapotea kusaka mabomu ya baharini ambayo hayakuwepo. Muda huo ndio Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliouhitaji. Reli ya Usambara ilikuwa imeshafika Moshi, naye akateremsha kompania zake kwa garimoshi, moja baada ya nyingine.

Liko jambo moja ambalo sijaacha kulifikiria. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Lettow-Vorbeck alipanda baiskeli, akapita kwenye mitaa mitupu ya Tanga mpaka karibu na bandari, akaziona kwa macho yake meli za adui zinavyowaka taa. Alikuwa na watu kama elfu moja tu. Aitken aliyekuwa na elfu nane alisonga mbele bila kutuma watu wa kutosha kuipeleleza njia.

Askari wake waliingia kwenye mashamba ya mpira na mkonge wasione mbele wala pembeni. Risasi zikaipiga mizinga iliyotundikwa mitini, nyuki wakatoka. Wakauma kila aliyekuwa na ngozi. Hata bunduki ya rashasha upande wa Wajerumani ilinyamaza kwa sababu yao. Wagurkha na Wakashmiri wa upande wa Waingereza walifika mpaka mitaani, karibu na jengo la forodha, wakakosa wa kuwaunga mkono. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakaacha mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000 pale ufukweni. Waliokufa, kujeruhiwa na kupotea upande wao walikuwa zaidi ya 800, na katika hao wapatao 360 walikufa.

Ndiyo maana jina la Vita vya Nyuki linanisumbua, ingawa nalipenda na ni letu. Ukisema nyuki, hakuna tena mtu aliyeamua kitu. Anasahaulika yule aliyeonywa akapuuza, na wale askari wa kwetu waliolala kwenye handaki la reli wakingoja wanasahaulika pia. Nao wale vijana waliotapika zaidi ya wiki mbili baharini kabla ya kuteremshwa usiku kwenye nchi ambayo hawakuwahi kuisikia, nani anawataja? Hata hivyo sijui kama mjomba angekubaliana nami. Yeye mwenyewe aliendelea kuviita Vita vya Nyuki mpaka alipofariki.

Siku ile alinifunga mguu kwa kipande cha shuka, akanipandisha chomboni. Hatukuwa na la kufanya ila kungoja. Tulikula mihogo ya kuchoma, tukalala chini ya tanga alilolitandaza kama turubai. Niliwahesabu ndege kwenye mikoko. Nikamuuliza kama waliweza kungoja maji kama sisi. Mjomba alifikiri kwa muda mrefu, amefumba macho, nikadhani amepitiwa na usingizi.

"Wangeweza," akasema mwishowe. "Lakini yuko juu yao aliyekwisha sema ni usiku huu."

Baada ya adhuhuri ngalawa ilianza kutikisika. Maji yalirudi taratibu, yakafunika mizizi yenye chaza, yakafunika nyayo zangu zote kwenye tope, na mjomba akainuka kushika pondo.