Kufuata Dagaa kutoka Tanga hadi Moshi

Nilisafiri kutoka Tanga kwenda Moshi kwa sababu dagaa nao husafiri kwa njia hiyo, na sisi tunaowapima samaki kule pwani tumezoea kuishia dikoni, pale boti zinaposhusha samaki. Mzigo ukishapakiwa garini, tunafunga madaftari. Nilitaka kuona kinachofika bara, kwa kuwa mlaji wa Kilimanjaro anahusika na uhai wa uvuvi huu kuliko anavyodhani. Bei anayokubali kulipa ndiyo inayomfanya nahodha wa Tanga aamue kutoka usiku gani, kwenda umbali gani na kurudi na samaki wa ukubwa gani.

Kabla ya kuondoka nilikesha Sahare nikisubiri boti. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji mpaka wakusanyike, kisha nyavu ya kuzungushia hushushwa na kufungwa kwa chini. Boti zilipoingia nilichukua dagaa wabichi kutoka ndoo mbalimbali, nikawalaza mmoja mmoja juu ya ubao wa kupimia na kuwapasua baadhi yao nitazame mayai. Swali la msingi ni kama dagaa huyu alipata nafasi ya kuzaa kabla ya kunaswa. Kila aina ina urefu ambao ukifikiwa, nusu ya samaki wake huwa wamekomaa, na ikiwa wengi wa wanaovuliwa wako chini ya urefu huo, basi tunakula mbegu. Dagaa wengi wa jamii hii huishi mwaka mmoja hivi, kwa hiyo hakuna rika la wakubwa linalobaki baharini kuziba pengo la msimu mbaya. Ndiyo maana siamini kwamba tathmini yao inaweza kusubiri ripoti za kila baada ya miaka mitano.

Wale niliokwisha kuwapima niliwafunga katika mfuko wa wavu, nikamwomba mama mmoja mchemshaji awatie pamoja na wake kwenye sufuria la maji ya chumvi. Tukawaanika kichanjani, na walipokauka nikawapima upya. Dagaa akichemshwa na kuanikwa husinyaa, na asiyejua kiasi alichosinyaa hawezi kumlinganisha dagaa mkavu wa sokoni Moshi na mbichi wa Tanga.

Basi lilipita Muheza na Segera, likashika njia ya Korogwe katikati ya mashamba ya mkonge, na mbele ya Mombo milima ya Usambara ikaisha, ikaanza ya Upare, yote upande wetu wa kulia. Jirani yangu kitini alikuwa wakala anayenunua dagaa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Moshi, na magunia yake yalikuwa humo humo ndani ya buti.

"Ndugu yangu," aliniuliza, "mbona mnapima kila siku na dagaa wapo tele? Boti zinarudi zimejaa."

Nilimjibu kwamba boti kujaa ni ushahidi dhaifu sana kwa samaki wanaotembea kwa makundi. Hata wakipungua nusu, waliobaki hujikusanya pamoja, na taa huwakusanya zaidi, hivyo nahodha anaweza kuendelea kujaza boti ileile huku bahari ikizidi kupungukiwa. Kwa sababu hiyo kilo peke yake hazitoshi. Ni lazima kuuliza boti ilitafuta kwa saa ngapi, ilibeba taa ngapi, ilitumia lita ngapi za mafuta, na kama inakwenda mbali kuliko zamani. Nilimtajia Peru, ambako mwaka 1970 zilivuliwa zaidi ya tani milioni 12 za anchoveta, samaki wa jamii moja na dagaa mchele, aina mojawapo ya dagaa wetu wa pwani. Mwaka 1972 El Niño ilileta maji ya joto wakati uvuvi ulikuwa umekwisha kuwaelemea samaki wale, na uvuvi mkubwa kuliko wote duniani ukaporomoka. Ilichukua miaka mingi kurejea.

Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kunieleza jinsi manahodha anaowakopesha fedha za mafuta wanavyoomba zaidi msimu hadi msimu. Niliandika kila alichosema. Ni kweli kwamba bei ya mafuta iliyopanda lazima itenganishwe na lita zilizoongezeka, lakini mtu anayekopesha mafuta ana kumbukumbu za juhudi za uvuvi ambazo fomu zetu hazijawahi kuzifikia.

Moshi nilikwenda moja kwa moja Soko la Mbuyuni, ambako wakala alinikutanisha na mama anayemnunulia mzigo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unataka wa Mwanza, wa Kigoma au wa pwani?"

Marundo yote matatu yalikuwa mbele yake. Wa Mwanza wametoka Ziwa Victoria na wa Kigoma Ziwa Tanganyika, na hata hao wawili hawana undugu wa karibu; wa pwani nao ni mchanganyiko wa aina kadhaa. Kila kundi linapaswa kupimwa peke yake, maana neema ya ziwa haielezi chochote kuhusu Mkondo wa Pemba. Nilikaa kwenye kigoda nikachambua wa pwani. Dagaa mchele hutambulika hata akiwa mkavu, kwa mstari wa fedha ubavuni, pua iliyotangulia mbele ya mdomo wa chini na kinywa kilichopasuka hadi nyuma ya jicho. Wa jamii ya sadini wana magamba makali yaliyojipanga chini ya tumbo, na ukipitisha kidole kuelekea kichwani yanakwaruza. Kwa kuwa mikia mingi ilikuwa imevunjika, nilipima kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa mnofu.

"Mwezi ukiwa mpevu, mzigo wa pwani unapungua na bei inapanda," mama aliniambia, akanionyesha daftari lake la manunuzi. Tarehe za magunia zilifuata giza na mbalamwezi. Niliona fahari kubwa kusoma kalenda ya wavuvi mahali ambapo bahari haionekani.

Kijana wake aliuliza kama hakuna mashine ya kuwahesabu. Ipo, nikamwambia. Meli ya utafiti Dr. Fridtjof Nansen, katika mpango wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na Norway, ilipima maji ya Tanzania mwaka 1982 na 1983, na meli iliyorithi jina hilo ikaja mwaka 2018. Hutuma sauti chini ya maji, kibofu cha hewa cha samaki huirudisha, na nguvu ya mwangwi hutumika kukadiria wingi wao baada ya wavu kuthibitisha ni samaki gani. Lakini meli kubwa haiingii kwenye kina kifupi karibu na miamba, ambako boti nyingi huvua, na kati ya ziara mbili hupita vizazi vingi vya dagaa. Bila ubao wa dikoni, hesabu ya meli hubaki na pengo.

Nilinunua kopo moja la wa pwani kwa ajili ya mawe ya masikio yaliyomo vichwani mwao. Ni ya madini ya chokaa, hivyo hustahimili kuchemshwa, na tangu Giorgio Pannella alipoeleza mwaka 1971 kwamba yana duara za kila siku, wataalamu huyasoma kwa hadubini kujua umri wa samaki kwa siku. Urefu bila umri hautuambii kama dagaa ni mfupi kwa sababu ni mchanga au kwa sababu amekua polepole.

Kilichonisumbua ni kwamba gunia moja linaweza kuwa na dagaa wa madiko mawili au matatu, na huko mbele hali huwa mbaya zaidi: kesho yake, katika Soko la Kilombero jijini Arusha, nilikuta wa pwani na wa ziwa wamechanganywa katika sado moja. Nilikuwa nimemwomba mama wa Mbuyuni aandike jina la diko kwenye kila gunia, akakataa kwa sababu ya haki kabisa.

"Nikiandika, mteja atajua ninakopata. Atapanda basi mwenyewe."

Tukakubaliana kwamba wakala atatia namba tu, na maana ya namba ibaki kwake na kwangu: diko, tarehe na boti. Magunia ya giza linalofuata ndiyo yatakayoanza kuwa na namba hizo, na mama ameniruhusu kupima sampuli kabla hayajafunguliwa kwa wateja.